Kufuata Maji Hadi Kamanyola na Baba Mkwe

Tangu turudi nimeisimulia safari hii vipande vipande: kidogo kwa walimu wenzangu wakati wa mapumziko, kidogo kwa fundi wa viatu, kidogo nje ya kanisa. Kila aliyesikia kipande ameongeza chake. Juzi mtu mmoja aliniuliza kama ni kweli mimi na baba mkwe wangu tulivuka mpaka wa nchi, tukafungwa Burundi. Hatukuvuka kitu. Basi marafiki, naandika yote kwa mfululizo, kama yalivyotukuta, ili mkiulizwa nanyi mseme yaliyotokea.

Nyalukemba, kabla ya kuondoka

Mke wangu Wabiwa ni Mlega wa Mwenga. Mimi ni Mshi, nafundisha shule ya msingi, na tunapanga vyumba viwili hapa Nyalukemba, mjini Bukavu, mahali ambapo ukifungua dirisha unaona ziwa katikati ya mikaratusi. Wakati ule Wabiwa alikuwa na mimba kubwa, mimba yetu ya kwanza. Miezi ya mwanzo alitokwa na damu, na muuguzi wa materinite, hospitali ya wazazi, alimkataza wazi asipande lori lolote mpaka ajifungue.

Wiki ya Pasaka baba yake akafika kutoka Mwenga. Papa Mulonda ni mtu mrefu, mkimya, mwenye miguu iliyokomaa kwa njia za msituni. Alileta mawese, nyama iliyokaushwa kwa moshi, ndizi za makemba zilizoiva, na jambo moja ambalo alilitoa jioni ile ile baada ya kula. Lori lililomleta lingerudi Mwenga likishapata mzigo. Wabiwa angerudi nalo, akazalie kwa mama yake.

Sikumlaumu, kwa sababu nilijua anatoka wapi. Dada mkubwa wa Wabiwa aliolewa Kindu. Alifia kule wakati wa kuzaa, ndani ya chumba, mume akiwa kazini, bila mtu wa kumshika mkono. Habari ilifika Mwenga mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa.

"Muji haina batu," Papa aliniambia polepole. "Iko na manyumba tu."

Nilimweleza maneno ya muuguzi. Alitazama chini, akasema muuguzi huyo angeweza kuwa kitinda mimba wake. Kwetu kama kwao, baba mkwe si mtu wa kubishana naye, hasa mbele ya chakula. Lakini usingizi ulinipotea. Nyote mnaijua barabara ya Mwenga wakati wa mvua: lori linazama kwenye tope mpaka mlango, watu wanashuka kusukuma, na wanaweza kulala pale pale hata mara mbili kabla ya kuona nyumba.

Asubuhi nikamfuata Wabiwa jikoni. Alikuwa anachagua maharage, na hata hakuinua kichwa.

"Usibishane naye," alisema. "Papa hasikiake na masikio. Anasikiaka na miguu. Umutembeze."

Ziwani

Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa kwa Pasaka, nilikuwa na nafasi. Nilianza na yale tunayowaonyesha wageni wote. Nikamwambia tunaweza kupanda hadi upande wa Kahuzi, tupite kwenye mashamba ya chai, akaone sokwe kama wazungu wanavyofanya. Aliuliza kama wazungu hao wanalipa. Nikasema ndiyo, tena wanatoka mbali sana. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Alisema kwao sokwe wanakuja wenyewe kula ndizi zake, anawafukuza kwa kupiga bati, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumlipa kwa kuwaangalia.

Nikamtajia maji ya moto ya Katana. Akasema maji ya moto wanayo. Nikamtajia boti ya kwenda Kalehe. Akalitazama ziwa, akatikisa kichwa.

Ziwa lenyewe, hata hivyo, lilimshika. Tulishuka mpaka ukingoni, akachuchumaa pale kwa muda mrefu, mkono mmoja majini. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anatafuta mkondo. Mtu wa Mwenga amezaliwa kati ya mito, na maji yote anayoyajua yana njia. Haya yalikuwa mengi kuliko yote aliyowahi kuona, na yalikuwa yamekaa tu.

"Hii maji inaendaka wapi?" aliuliza.

Nikampeleka mpaka pale ziwa linapobanwa na kuwa mto, karibu na daraja la kuvukia Rwanda. Tukasimama kwenye majani, tukautazama Ruzizi ukianza safari yake kati ya vilima. Nikamweleza kwamba unashuka mpaka Kamanyola, unapita tambarare, unaingia Tanganyika huko Uvira. Akauliza mara mbili kama nina hakika, maana kwao maji yote yanakwenda upande jua linapozama, na maji yanayokwenda upande mwingine alikuwa amesikia tu watu wakiyasema.

"Basi twende tuione," alisema.

Nilikubali haraka, haraka kuliko heshima inavyotaka. Kamanyola ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, na kila siku aliyotembea nami ilikuwa siku ambayo hakwenda kuuliza habari za lori la Mwenga. Wabiwa alitufungia mayai ya kuchemsha na viazi vitamu. Maman Nsimire, jirani yetu anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alisema kupitia ua wa miti kwamba tusiwe na wasiwasi, angekuwa anachungulia.

Nyangezi, na mteremko wa Ngomo

Lori tulilopata lilikuwa limebeba sabuni na chumvi, na dereva wake, Bisimwa, alikuwa mtu wa maneno mengi. Alimkaribisha Papa akae mbele. Papa akakataa. Alisema hawezi kupanda kitu ambacho hawezi kuruka nje yake, akapanda nyuma, akakaa kwenye magunia karibu na ubao wa mwisho. Mimi nikakaa naye.

Mpaka Nyangezi safari ilikuwa nzuri. Kulikuwa na ukungu mabondeni, wanawake wakielekea sokoni na mizigo mgongoni, kamba zikiwa zimepita kwenye paji la uso. Baada ya Nyangezi tukafika juu ya Ngomo, kwenye barriere, kizuizi cha barabara, na hapo tukasimama.

Kwa wale ambao hamjapita huko: barabara ya Ngomo imechongwa kwenye ubavu wa mlima, na magari mawili hayawezi kupishana. Wanaoshuka wana zamu yao na wanaopanda wana yao. Sisi tulifika zamu ya wanaoshuka ikiwa imekwisha. Tukangoja. Magari yakapanda moja moja, yakitoa mvuke, na kila lililofika juu watu walilipigia makofi kidogo.

Abiria wakatandaza vyakula vyao. Mama mmoja alituuzia mahindi ya kuchoma, akamuuliza Papa kama anakwenda Uvira kutafuta samaki wa ndagala. Papa akajibu kwamba hapana, anafuata maji.

"Maji gani?" mama akauliza.

"Ya Bukavu," Papa akasema. "Nataka nione kama inafika."

Yule mama akanitazama kwa huruma. Akanivuta kando, akaninong'oneza kwamba nimefanya vizuri kumsindikiza mzee, na kwamba wamisionari wa bondeni wanaombea watu wa namna hiyo. Sikuwa na nguvu za kueleza. Nilimshukuru, akaniongezea hindi moja kwa ajili ya mgonjwa.

Zamu yetu ikarudi. Mtu akitoka baridi ya Bukavu, ile kona ya kwanza ya Ngomo inamfunga mdomo. Chini kabisa tambarare imelala, ya manjano na kijani, mto ukijikunja ndani yake kama uzi uliodondoka, na ng'ambo milima ya Rwanda na Burundi imepangana mpaka macho yanashindwa. Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa sababu ya korongo lililokuwa kando yetu. Papa ndiye aliyenigusa bega akaniambia nitazame. Alikuwa ameuona mto.

Kamanyola

Joto la Kamanyola lilitupokea kama mlango wa tanuri. Bisimwa alisema atashusha mzigo, atapakia mchele, na atapiga honi atakapokuwa tayari. Tukaingia kwa mama mmoja aliyepika nje, chini ya paa la mabati. Jina lake Maman Nabintu. Alitupa wali mweupe na ndagala wa mawese, sahani zimejaa.

Papa alionja, akatafuna sana, akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba samaki ni wazuri lakini mchele huu hauna harufu, wa Mwenga ni bora. Maman Nabintu akageuka na mwiko mkononi. Watu wa Kamanyola wanajivunia mchele wao kama sisi tunavyojivunia ziwa. Alimuuliza mchele wa Mwenga unaota wapi, juu ya miti? Papa akamweleza kwa utulivu jinsi wanavyoupanda mlimani baada ya kufyeka msitu, bila kuumwagia maji. Mama akasema mchele bila maji ni nyasi. Nikaomba radhi kwa niaba yake, na Papa akala wali wote, asibakize punje.

Baada ya kula tukateremka mtoni. Nilichagua mahali wanawake walipokuwa wanafua, nikijua kwamba penye watu wengi hapana mamba. Papa akavua viatu, akakunja suruali, akaingia mpaka magotini. Mkondo ulikuwa na nguvu, maji ya rangi ya udongo. Akasimama akitazama upande yanakokwenda. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata jibu. Nilimwacha, nikapanda ukingoni kutafuta kivuli.

Sikuona askari walipofika. Nilichoona ni Papa akitoka mtoni, suruali inadondosha maji, viatu mkononi, na askari wawili wamesimama mbele yake. Mpaka uko pale pale. Mtu anayetoka mtoni na viatu mkononi, kwao, ana maana moja tu.

"Papa, outi wapi?" mmoja akamuuliza kwa Kilingala. Papa hajui Kilingala. Yule mwingine akarudia kwa Kiswahili: "Unatoka wapi?"

"Natoka mu maji," Papa akajibu.

Nilikimbia, lakini jibu lilikuwa limekwisha kutoka. Wakamuuliza ametoka upande gani wa maji. Akasema Bukavu. Wakamuuliza kama amekuja Kamanyola kwa kuogelea kutoka Bukavu. Akasema hapana, maji ndiyo imetoka Bukavu, yeye imemfikisha motokari. Nilipojaribu kufafanua, nilieleza mambo mengi mno kwa wakati mmoja, ziwa, mito ya Mwenga, mimba ya mke wangu, na kadiri nilivyosema ndivyo yule askari mkubwa alivyozidi kukunja uso. Wakataka karte za utambulisho. Yangu ilikuwa mfukoni. Ya Papa ilikuwa Nyalukemba, ndani ya kikapu chake, chini ya nyama ya moshi.

Wakatupeleka barazani kwao, wakatukalisha kwenye gogo. Hawakutupiga wala kututukana, lazima niseme hivyo. Walingoja kamanda wao arudi, na kamanda hakurudi. Jua likageuka. Mawingu meusi yakasimama juu ya Ngomo. Nikasikia honi ya Bisimwa, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu kwa muda mrefu, halafu mlio wa injini ikienda zake. Wabiwa alikuwa peke yake na tumbo lile, na mimi nimekaa kwenye gogo kama mwizi wa mbuzi. Papa alikuwa anakausha suruali yake juani, hana haraka.

Aliyetuokoa ni Maman Nabintu. Alikuwa amekuja kuwauzia askari chakula cha jioni. Alipotuona akaweka sufuria chini, akauliza huyu mzee amefanya nini. Wakamwambia amevuka kutoka ng'ambo.

"Huyu?" alisema. "Huyu ni Mulega wa Mwenga. Amekuja kwangu mchana, amekula mchele yangu na kuitukana. Mutu wa ng'ambo hawezi kutukana mchele ya Kamanyola. Wanavukaka kuitafuta."

Askari wakatazamana. Yule askari mkubwa akamuuliza Papa kama ni kweli ametukana mchele. Papa akasema hakutukana, amesema ukweli, akaanza tena kueleza kuhusu harufu. Askari wakaanza kucheka, na yule mwenye uso wa kukunja akacheka kuliko wote. Wakatuachia. Mmoja wao akatushauri, kwa wema kabisa, kwamba siku nyingine mzee akiulizwa anatoka wapi ataje kijiji.

Jioni kwa Maman Nabintu

Hapakuwa na gari lingine la kupanda. Mvua ilikuwa inapiga mlimani, sisi tukiisikia tu kwa mbali. Maman Nabintu akatukaribisha kwake, akampikia Papa sahani nyingine ya wali, safari hii kwa nazi na karafuu alizopata kwa wafanyabiashara wa Uvira, akasimama mbele yake mpaka alipoonja. Papa akakiri kwamba huu una harufu. Mama akaondoka ameridhika.

Mimi sikuweza kula. Nilisema, zaidi kwa nafsi yangu, kwamba Wabiwa atakuwa anatungoja na hana mtu. Papa akaacha kutafuna. Nikajua nimegusa kidonda, nikajuta.

"Ile siku ya Kindu," alisema, "mutoto yangu aliita. Jirani walisikia. Walisema asubuhi kama walisikia. Lakini walikuwa hawamujue, njo maana hawakufungua mulango."

Kwa habari ya majirani wa mjini sikuweza kumwapia. Tulikuwa tumeishi Nyalukemba muda mfupi tu.

Kupanda Ngomo kwa miguu

Asubuhi habari ilikuwa sokoni kabla yetu. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo kwenye kona za juu, na lori moja lilikuwa limelala pale pale barabarani. Hakuna gari litakalopanda wala kushuka. Mwenye haraka apande kwa miguu.

Tukapanda. Nawaambia ukweli, mimi nina nusu ya umri wa Papa, na nilimwona mgongo tu njia nzima. Katikati ya mlima tukalikuta lori. Lilikuwa la Bisimwa. Lilikuwa limeteleza, likaegemea ukuta wa mlima kwa ubavu, na magunia ya mchele yamepasuka tope zima likawa jeupe. Watu waliokuwa wanachota mchele walituambia kwamba abiria wengi waliruka, dereva amevunjika mkono, amebebwa usiku kwenda hospitali, na hakuna aliyekufa. Ule ubao wa nyuma tuliokaa karibu nao jana ulikuwa umevunjika vipande, umebanwa kwenye jiwe. Papa aliushika, akaugeuza, akaurudisha chini. Nikakaa kidogo pembeni. Niliwashukuru wale askari kwa moyo wangu wote.

Mbele kidogo tukawafikia watu wenye kipoyi. Walikuwa wanaume wanne wamebeba kitanda cha mianzi mabegani, juu yake msichana mwenye mimba amefunikwa kitenge, uso umelowa jasho. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi, mtoto amekaa vibaya, na mkunga wa kijijini kwao amesema apelekwe materinite ya Nyangezi. Gari walilokodi limeshindwa kupanda. Mume wake alikuwa mmoja wa wabebaji, na bega lake lilikuwa linatoka damu.

Papa hakuuliza kitu. Alimtoa yule mume chini ya mti wa kipoyi kama unavyomwondoa mtoto mlangoni, akaweka bega lake. Mimi nikampokea mwingine. Mti ule ni mzito kuliko unavyodhani ukiwaona wengine wameubeba, na tope lilikuwa linatuvuta nyuma.

Papa akamuuliza msichana jina lake. Akasema Zawadi. Tangu hapo mpaka juu kabisa alizungumza naye. Alimwambia kona imebaki ipi, jiwe liko wapi, sasa tutainama kidogo. Uchungu ulipokuja alituambia tusimame, akamwambia ashike shingo yake, na Zawadi akaishika kwa kucha. Sikuwahi kusikia baba mkwe wangu akisema maneno mengi namna ile. Yule mume alitembea kando yetu akilia bila kujificha.

Juu ya Ngomo tukapata pikapu ya wamisionari iliyokuwa imekuja kuangalia barabara. Wakatuchukua wote. Nyangezi wakampokea Zawadi mlangoni, masista wawili na kitanda cha magurudumu, na mlango ukafungwa. Papa alitaka kungoja. Dereva akatuambia kwamba yeye anaendelea Bukavu sasa hivi, na hana hakika ya gari lingine. Papa alisimama katikati ya ua, akatazama ule mlango, akanitazama mimi. Halafu akapanda.

Wiki iliyofuata dereva yule yule aliniambia kwamba walimpasua, na kwamba mama na mtoto wa kiume wote wazima. Lakini siku ile tuliingia Bukavu bila kujua.

Nyalukemba tena

Tulishuka barabarani, tukachukua njia ndogo ya kwetu. Jua lilikuwa bado lipo. Kabla ya kuiona nyumba niliona mabenchi. Yalikuwa ya kanisani, yamepangwa uani kwetu, wanaume wamekaa wameinamisha vichwa, na moto umewashwa katikati. Wanawake walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, vitambaa vimefungwa kiunoni. Mnajua mabenchi ya kanisani yanatolewa kwa ajili gani.

Papa naye aliyaona. Mtu aliyepanda Ngomo na kipoyi begani alikaa chini njiani, kwenye vumbi, akashika kichwa.

"Enda weye," aliniambia. "Mimi siwezi. Ya pili siwezi."

Nikaenda. Maman Nsimire alikuwa anatoka jikoni na sufuria ya chai. Akaniona. Aliiweka sufuria chini kwa uangalifu, akanijia, akanigusa shavu kwa kiganja, kama mtu anayepima joto la mgonjwa.

"Wabiwa?" nikamuuliza.

"Papa iko wapi?" akaniuliza yeye, kwa wakati ule ule.

Tukabaki tunatazamana, kila mmoja anangoja jibu la mwenzake. Halafu nikasikia sauti ya mke wangu ndani, inauliza ni nani amekuja, na nikaelewa kwamba msiba ulikuwa wetu sisi.

Abiria waliotoka kwenye lori walikuwa wamefika mjini asubuhi. Walisema lori la Bisimwa limeanguka Ngomo, na mwalimu wa Nyalukemba na mzee wake walikuwa wamekaa nyuma kabisa, kwenye ubao. Hiyo ilikuwa safari ya kwenda, lakini katika kusimulia safari mbili zikawa moja. Maman Nsimire aliipata habari sokoni, akaacha sambaza wake kwa mwenzake, akakimbia ili Wabiwa asiambiwe na mtu wa njiani. Usiku uliotangulia alikuwa amelala naye tayari, kwa sababu hatukurudi. Wengine wakafuata. Mmoja alikuwa amefua nguo zetu, mwingine alipika, mmoja alikuwa ameketi nyuma ya Wabiwa ili apate pa kuegemea. Muuguzi mwenyewe alikuwa ameitwa, akapima, akasema mtoto anacheza vizuri.

Wabiwa hakuwa amelia. Alituambia kwamba aliwaeleza wote kuwa motokari haiwezi kumuua Papa, ikianza kuanguka atashuka na kwenda na miguu. Lakini aliponishika mkono sikuweza kuutoa mpaka giza lilipoingia.

Wakamleta Papa kutoka njiani, wanaume wawili wamemshika makwapa, akapita kati ya wanawake waliotaka kila mmoja amguse. Msiba ukageuka karamu, maana chakula kilikuwa kimekwisha kupikwa. Wakamuuliza habari za safari, akawasimulia yote, maji, mchele, askari. Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Nilimwona akiwatazama mmoja mmoja. Alimuuliza Maman Nsimire amelala wapi usiku. Akamwonyesha mkeka kando ya kitanda cha Wabiwa. Alimuuliza ni ndugu wa nani katika nyumba hii. Akasema si ndugu wa mtu, nyumba yake ni ile pale. Papa akatazama ile nyumba, na ua wa miti ulio katikati, kwa muda mrefu.

Lori la Mwenga

Lori lake lilipata mzigo mwisho wa wiki. Nilikuwa sijathubutu kuuliza. Asubuhi ile Wabiwa alikunja nguo zake kwenye kitenge, kwa utii, na kufunga fundo. Tukatoka wote mpaka barabarani, majirani nyuma yetu.

Papa alipakia kikapu chake. Alipakia ndagala wa kumpelekea mke wake. Nilipomkabidhi kile kifurushi cha Wabiwa alikipokea, akakipima mkononi, akampa Maman Nsimire.

"Hii irudi mu nyumba," alisema. "Mama yake nitamutuma, akuje kabla ya mwezi kuisha. Mutalala wawili kando yake."

Maman Nsimire akasema mkeka upo. Wabiwa akainamisha kichwa, akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo. Mimi nilianza kushukuru kwa maneno yanayofaa, maneno ya mkwe kwa mkwe, nikayachanganya. Papa aliniokoa kwa kupanda. Alikataa tena kukaa mbele. Alikaa nyuma, karibu na ubao, na lori likaondoka na kelele zake zote kuelekea Mwenga.

Tukarudi ndani. Maman Nsimire alikifungua kifurushi, akaanza kutundika nguo za Wabiwa kwenye kamba moja moja, akimuuliza ipi inamtosha na ipi inabana. Mimi nilivua viatu nikalala, saa hiyo hiyo ya asubuhi, dirisha wazi, sauti zao ndani ya masikio yangu, na sikuamka mpaka waliponiita kula.